Ng'ombe Ambao Korti Haikuwahi Kuwaona

"Utajuaje kile ambacho hawatakuambia?"

Aliyeuliza alikuwa profesa mmoja mwembamba, mtu wa kuvaa sweta hata jua likiwa kali. Tulikuwa katika chumba cha semina, ghorofa ya tatu, Nairobi, mapema mwaka wa 2004. Nilikuwa nimesimama mbele ya wahadhiri wanne nikitetea pendekezo la tasnifu yangu ya uzamili katika kriminolojia na haki ya jinai. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na sita. Usiku mbili nzima nilikuwa nimejiandalia majibu ya kila swali nililoweza kulifikiria, na hilo halikuwamo.

"Nitawauliza vizuri," nikasema.

Walicheka, si kwa ubaya, lakini walicheka. Profesa akaandika kitu kwenye karatasi yake na kukipigia mstari.

Nilitaka kuandika juu ya wizi wa mifugo Kajiado, kwa sababu ambayo niliiona ya wazi kabisa. Nilikulia Kitengela. Wazazi wangu walihamia huko kutoka upande wa Machakos mwaka wa 1991, baba alipopata kazi katika kiwanda kimoja Athi River, na mama akafungua duka dogo la kushona nguo karibu na barabara ya Namanga. Siku hizo kati ya nyumba yetu na ya jirani palikuwa na nyasi tupu, na miezi fulani nyumbu walikuja kuzalia hapo kana kwamba sisi ndio wageni, jambo ambalo lilikuwa kweli. Mvua ikinyesha, ule udongo mweusi ulikuvua kiatu na kubaki nacho. Na kila mahali, kwa bucha, kwa posho mill, nje ya kanisa baada ya ibada, watu walizungumza juu ya ng'ombe walioibwa. Wa fulani wamechukuliwa jana. Wa fulani wameonekana Kiserian. Wa fulani wamerudi.

Halafu nikafika chuo kikuu, nikafungua ripoti kwenye maktaba, nikakuta kwamba upande wetu wizi wa mifugo haukuwa tatizo kubwa. Kwa hivyo ama watu wa Kitengela walikuwa waongo, ama ripoti. Mimi sikuwa nikiamini upande wowote bila ushahidi. Nilikuwa hivyo tangu utotoni. Nikiwa na miaka kumi na mitatu nilimwuliza mwalimu wa Sunday school kwamba, ikiwa Kaini alikuwa amebaki na wazazi wake tu duniani, hao watu aliowaogopa kwamba wangemuua walitoka wapi. Nilitolewa nje nikakae kwenye ngazi. Nikihesabu vizuri, hilo ndilo lilikuwa swali langu la kwanza la kriminolojia.

Wahadhiri waliniambia nirudi Julai. Nikirudi na ushahidi kwamba watu wangezungumza nami, ningeendelea. La sivyo, msimamizi wangu alikuwa na hojaji zilizojazwa tayari na wafungwa, zimepangwa kwenye makasha ofisini mwake, zikimsubiri mwanafunzi wa kuzichambua. Wenzangu waliona hiyo ni bahati. Mmoja aliniambia kama sitaki yeye atachukua, amalize mwaka huo huo aende zake. Mimi niliona ni kupewa digrii ya watu ambao sikuwahi kuwaona nyuso. Isitoshe, baba alikuwa ameshawatangazia wenzake wote wa zamu kwamba binti yake anaandika kitabu cha Kajiado. Alikuwa ameishia darasa la saba. Sikuwa tayari aende akawaambie kwamba kitabu kimebadilika.

Nilianzia kortini. Kwa wiki tatu nilikaa kwenye masjala ya korti ya Kajiado, kwenye benchi ambalo mguu wake mmoja ulikuwa umetiwa kipande cha matofali, nikisoma madaftari ya kesi. Pombe haramu, ukurasa baada ya ukurasa. Kupigana. Kuingia shamba la mtu. Wizi wa mifugo ulikuwa mmoja hapa, mmoja pale, na karibu kesi hizo zote ziliishia kwa maneno yale yale: mlalamishi hakufika, kesi imeondolewa.

Karani aliyekuwa akinitolea madaftari alikuwa mzee mcheshi, karibu astaafu. Nilimwuliza kwa nini walalamishi hawafiki.

"Wewe ndiye uko na digrii," akasema. "Mimi niko na funguo tu."

Nikamsumbua hadi akanijibu vizuri. Alisema siku ya kutajwa kwa kesi, mara nyingi mlalamishi na mshtakiwa walikuja pamoja, wamekaa benchi moja, wanapeana ugoro. Mambo yalikuwa yameisha nyumbani. Yaliishaje? Hilo, akasema, halina daftari.

Basi nikahitaji kufika huko nyumbani, na nikahitaji mtu wa kunitafsiria, kwa sababu Kimaasai changu kilikuwa cha salamu tu. Nilimpata kanisani kwetu. Alikuwa mwalimu wa chekechea, mkubwa wangu kwa miaka mitano hivi, mzaliwa wa upande wa Entarara, ameolewa katika boma moja mbele ya Isinya. Siku za shule alilala Kitengela kwa binamu yake, na siku za likizo alikuwa kwa mume wake. Sauti yake ilikuwa ya chini na haikuyumba, hata akiwa mbele ya watoto arobaini. Nilimweleza kazi yenyewe. Alifikiri kidogo, akaniuliza kama ningemhitaji aseme maneno yake ama ya watu. Nikamwambia ya watu tu, kama yalivyo, asiongeze wala asipunguze. Akakubali. Nilijipongeza kwa kumpa maagizo ya kitaalamu namna hiyo.

Likizo ya Aprili tukaenda. Boma lilikuwa la mama mkwe wake, ajuza mrefu aliyetoboka masikio, mwenye macho ya kucheka hata akinuna. Watu wote walimwita kokoo, yaani nyanya, na mimi nikamwita hivyo. Alinipa kigoda karibu na tangi la maji, wanawake saba ama wanane wakakaa chini kwenye kivuli cha tangi, wengine wakishona shanga. Mwalimu akakaa kati yangu na wao.

Nilikuwa nimejiandaa vilivyo. Chuo kilitaka kila mhojiwa atie sahihi fomu ya kukubali kwa hiari yake, na nilijua wengi wao hawakuandika, kwa hivyo nilikuwa nimenunua kibati cha wino cha kuwekea alama ya dole gumba. Fomu nilikuwa nimeiandika mwenyewe, kurasa mbili, na niliionea fahari. Ilisema taarifa zote ni siri. Nikaeleza, mwalimu akatafsiri, nikafungua kibati, nikauliza swali la kwanza: je, katika miaka mitano iliyopita, wewe au mtu wa nyumba yako ameibiwa mifugo?

Hapana, walisema wote. Huku hakuna wizi.

Siku ya pili hapana. Siku ya tatu nilibadilisha mpangilio wa maswali, nikaanza na ya umri na idadi ya watoto, kama kitabu cha mbinu za utafiti kinavyoshauri. Waliniambia watoto. Tulipofika kwa ng'ombe, hakuna wizi. Mmoja akasema jambo refu, wote wakacheka hadi shanga zikamwagika. Nikamwuliza mwalimu amesema nini.

"Anasema mababu zako Wakamba ndio walikuwa wezi wa ng'ombe zetu. Anauliza kama umetumwa uangalie walisahau ngapi."

Nilicheka pamoja nao, lakini moyoni nilikuwa naanza kuyaona yale makasha ya hojaji. Nikamwambia mwalimu, kwa Kiswahili na kwa sauti ya chini, kwamba labda tujaribu boma lingine. Kokoo alikuwa akinitazama. Kiswahili alikijua zaidi ya alivyojifanya.

"Entito," akaniambia, yaani msichana. "Siku tatu unauliza. Sisi hatujui hata kama mvua ilinyesha kwenu."

Sikuelewa. Nikasema ndiyo, ilinyesha.

"Ilinyesha." Akawageukia wenzake, akarudia hilo neno moja kama mtu anayeonyesha sarafu mbovu. Wakacheka tena. Halafu akaongea Kimaasai kwa muda, na safari hii mwalimu alitafsiri bila kunitazama. Alisema mgeni akifika hutoa habari zake kwanza, zote, tangu alikoamka: nyasi za njiani zikoje, nani ni mgonjwa kwao, wanyama gani amekutana nao, nani amezaa, nani amezikwa. Akimaliza, wenyeji nao hutoa zao. Mtu anayefika akiuliza kabla hajatoa habari ni wa aina moja tu wanayemjua, na huyo naye hubeba karatasi, na huyo naye humshika mtu kidole na kukitia kwenye wino.

Naweza kuwa ninajisifu, lakini nadhani sifa ya mtu anayetilia shaka kila kitu ni kwamba wakati mwingine anaweza kujitilia shaka mwenyewe bila kuchukua wiki nzima. Nilifunga kibati. Nikakitia kwenye mkoba pamoja na fomu, nikauweka mkoba nyuma ya tangi. Nikaanza kutoa habari.

Nilizitoa vibaya mwanzoni. Nilisema mvua, nikasema barabara. Kila niliponyamaza wao walisema "ee", wakingoja, na ikawa wazi kwamba sijamaliza. Kwa hivyo nikaendelea. Nikasema jinsi nyumbu walivyopungua kwetu kwa sababu ya nyua za waya, nikasema simba aliyekuwa ameua punda wa jirani. Ee. Nikasema baba anaumwa kifua kwa vumbi la kiwandani na hataki kwenda hospitali. Ee. Nikasema kwamba mwaka wa 1998 mtu aliiba cherehani ya mama dukani, baba akapiga ripoti polisi, ikaandikwa kwenye OB, daftari lao la matukio, na ikaishia hapo kwenye OB. Na kwamba tulimjua mwizi. Alikuwa akiimba besi katika kwaya yetu, na kila Jumapili mama alimsikiliza akiimba. Hilo sikuwa nimewahi kumwambia mtu yeyote, na halikuwa katika pendekezo langu.

Mwanamke mmoja mnene akauliza kama aliimba vizuri.

"Vizuri sana," nikasema.

Hapo ndipo walipocheka kicheko kingine, kisichokuwa cha kunicheka mimi. Na yule mwanamke mnene, bila kuulizwa, akaanza kutoa habari zake.

Tulikaa hadi ng'ombe waliporudi. Sikuandika neno mbele yao. Mwalimu na mimi tulikaa baadaye chini ya ukuta wa nyumba yake tukiandika kila kitu kabla hakijatoka kichwani. Tulirudi siku kumi na moja, na kila asubuhi nilianza na habari zangu, hata kama jambo pekee lililotokea tangu jana lilikuwa mimi kuumwa tumbo. Kulikuwa na wizi, mwingi. Mwizi alifuatwa kwa nyayo, mnyama akatambuliwa kwa alama za masikio na chapa ya ukoo, wazee wakaketi, mkosaji akalipa kwa mifugo, na mmoja akachinjwa wakala pamoja. Baada ya kula, jambo lile halizungumzwi tena. Kwenda kortini kulisema, wakati umekula nyama ya mtu, kungekuwa kosa kubwa kuliko wizi wenyewe. Kwa hivyo mlalamishi hakufika. Hakuwa ameogopa wala kuhongwa, alikuwa ameshiba.

Lakini kulikuwa na jambo jingine, na hilo ndilo ninaloliita langu. Ng'ombe wa kukamwa hugawiwa wake. Mume ni mwenye ng'ombe, ila maziwa ni ya mke, na ndiyo chakula cha watoto wake. Ng'ombe huyo akiibwa, wazee wakamaliza kesi, fidia humwendea mume, naye huweza kumpa mke mwingine, ama kuuza, ama kungoja. Yule mwanamke mnene alikuwa amekaa mwaka mzima akiomba maziwa kwa mke mwenza. Korti haikujua ng'ombe wake waliibwa. Wazee walijua ng'ombe waliibwa, lakini hawakumhesabu yeye kuwa aliibiwa.

Nilipoliona hilo kwenye daftari langu, limejirudia kwa mwanamke wa pili, wa tatu, wa nne, nilisimama nikazunguka ile nyumba mara mbili. Mwalimu aliniuliza nina nini. Nikamwambia hili halijaandikwa popote. Akatabasamu, akasema kuandikwa ndiko hakujafanywa.

Julai nikasimama tena mbele ya wale wanne. Mhadhiri mmoja, kijana aliyependa takwimu, alisema nimevunja utaratibu: ridhaa ni ya maandishi, na mtafiti haelezi maisha yake kwa wahojiwa, kwani anawaelekeza majibu. Nikamwuliza kama fomu yenye dole gumba la mtu anayedhani yuko kituo cha polisi ni ridhaa. Akasema hilo ni suala la maelezo, ningewaeleza zaidi. Nikasema niliwaeleza kurasa mbili. Tukabishana. Sikumbuki kila neno, ila nakumbuka kwamba profesa wa sweta alimwambia yule kijana, kwa upole kabisa, "Wewe hojaji zako za mwaka jana, wangapi walikataa?" Kijana akasema hakuna aliyekataa. "Ndiyo," profesa akasema. "Hata mimi nilishangaa."

Walipitisha. Walinipa ruhusa ya kuchukua ridhaa kwa mdomo, mbele ya shahidi, baada ya habari. Maneno hayo matatu, baada ya habari, yaliingia katika sura ya tatu ya tasnifu yangu jinsi nilivyoyatamka, na baadaye niliambiwa kuna wanafunzi wengine walioyaandika katika zao. Sioni aibu kusema kwamba nimeyasoma kwao zaidi ya mara moja.

Nilihitimu mwaka wa 2006. Baba alivaa suti ya harusi yake, iliyokuwa imembana mabegani, na akawabebea wenzake wa zamu tasnifu yenyewe, jalada jeusi na herufi za dhahabu, ikazungushwa kiwandani siku tatu na kurudi na alama ya mafuta ukurasa wa arobaini. Nakala ya pili niliipeleka bomani. Kokoo aliipima mkononi, akaifungua kichwa chini, akaniuliza:

"Hii yote ni wizi?"

Nikamwambia karibu yote.

"Basi umetuiba," akasema, na akaamuru nipewe chai. Mwalimu alitafsiri hotuba yangu fupi ya shukrani. Nilimshukuru kokoo, nikawashukuru wanawake mmoja mmoja, na nikamshukuru mwalimu kwa kutafsiri vizuri. Aliyatafsiri hata hayo, kwa ile sauti yake isiyoyumba. Katika shukrani za tasnifu anaonekana mstari wa saba, kama mkalimani.

Kwa miaka kadhaa baada ya hapo niliifundisha kazi ile. Niliwaambia wanafunzi kwamba wanawake wa boma lile waliniambia kila kitu, na niliamini, mimi ambaye sikuwa nikiamini kitu.

Mwaka wa 2009, ukame ukiwa umekausha kila kitu, nilipitia kwa mwalimu Kitengela. Kokoo alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Nilitoa habari zangu, kwa urefu, maana nilikuwa nimejifunza, kisha nikamwuliza zake. Ndipo nikatambua kwamba katika siku zile zote za utafiti nilikuwa nimemwuliza kila mwanamke wa pale isipokuwa yeye. Alinijibu polepole, akimimina chai, kama anayesimulia ya mtu mwingine. Machi ya 2004, wiki chache kabla hatujaketi kwenye kivuli cha tangi, ng'ombe wake wawili wa kukamwa walichukuliwa kutoka boma lile. Wanawake wote waliokaa mbele yangu walijua. Wazee walikaa, nyama ikaliwa, fidia ikaenda kwa mumewe, naye akampa mke mdogo. Aliyewachukua alikuwa mdogo wa mumewe, mwana wa mwisho wa kokoo.